MGENI NJOO, MWENYEJI APONE: JE, MWENYEJI AMEPONA?

Na Mwandishi Wetu, London

Kila mwaka, baina ya Mei na Juni, sisi tulio mbali na nyumbani tuna kawaida moja ambayo watoto wetu waliozaliwa huku hawaielewi. Tunakaa kufuatilia hotuba za bajeti kutoka Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Zamani tulitegemea redio, au simu ya jamaa aliyekuwa na muda wa kutuhadithia. Siku hizi hotuba yenyewe huingia katika simu ya mkononi, ukurasa kwa ukurasa, nasi tunaisoma ndani ya treni tukienda kazini, nje mvua inanyesha, na hakuna aliyekaa karibu yetu anayejua Chukwani iko upande gani wa dunia.

Hotuba ya utalii ndiyo tunayoisubiri zaidi, kwa sababu ndiyo yenye takwimu tamu. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni 538,264. Mwaka 2020 likaja janga la korona, wakashuka mpaka 260,644. Mwaka 2021 wakapanda hadi 394,185, mwaka 2022 wakafika 548,503, mwaka 2023 wakawa 638,498, na mwaka 2024 wakafika 736,755. Hizo ni hesabu za Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ya Zanzibar, nasi hatuna sababu ya kuzitilia shaka. Ndani ya miaka minne wageni wameongezeka karibu mara tatu. Sensa ya 2022 ilihesabu wakaazi 1,889,773 Unguja na Pemba. Maana yake, kwa kila wenyeji mia moja, mwaka 2024 walipita wageni karibu 39.

Tazameni hesabu hizo zilivyo makini. Waziri hasemi "laki saba na kitu". Anasema laki saba, thelathini na sita elfu, mia saba na hamsini na tano. Kila aliyeshuka na begi lake kahesabiwa. Waheshimiwa wanapiga meza, Mheshimiwa Waziri anaomba kutoa hoja, fungu linapitishwa, na mwaka unaofuata tunarudi pale pale na takwimu kubwa zaidi.

Lakini Waswahili tuna msemo wetu wa siku nyingi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo una nusu mbili. Nusu ya kwanza, mgeni njoo, tunaijua kwa takwimu mpaka mtu wa mwisho. Nusu ya pili, mwenyeji apone, nani anaihesabu?

HATUUPIGI VITA UTALII

Kwanza tuelewane. Makala haya hayakuandikwa kuupiga vita utalii. Atakayefanya hivyo atakuwa anampiga teke anayemlisha. Serikali yenyewe imekuwa ikisema kwa miaka mingi kwamba utalii unachangia zaidi ya robo ya pato la nchi. Karafuu zilizowasomesha babu zetu hazina tena ubavu ule. Wapo ndugu zetu wanaosomesha watoto kwa kutembeza wageni Mji Mkongwe, kwa kuwapeleka kuangalia kima punju Jozani, kwa kuuza vinyago, kwa kupika hotelini, kwa kuendesha gari kutoka uwanja wa ndege. Hata sisi huku, tukiulizwa tunatoka wapi, tukisema Zanzibar nyuso hung'ara. Miaka thelathini nyuma tulikuwa tunalazimika kuchora ramani.

Wala hatusemi kwamba upande wa michezo hakuna lililofanyika. Uwanja wa Amaan, uliojengwa mwaka 1970 kwa msaada wa Wachina, ulifanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa upya Desemba 2023. Yule aliyeujua Amaan wa zamani, wa kukaa juani juu ya saruji, akiuona sasa hataamini macho yake. Agosti 2025, mashindano ya CHAN yalipofanyika Tanzania, Kenya na Uganda, kundi la Senegal, Kongo Brazzaville, Sudan na Nigeria lilichezea hapo Amaan. Tuliona kwenye televisheni Sudan ikiifunga Nigeria mabao 4-0 mbele ya watu wetu, na tulishangilia utadhani timu ni yetu.

Pemba nayo haikusahauliwa safari hii. Kombe la Mapinduzi la Januari 2025 lilichezwa Gombani, Chake Chake, na timu za taifa zikaalikwa badala ya klabu. Tarehe 13 Januari Zanzibar Heroes waliifunga Burkina Faso 2-1 na kulichukua kombe. Usiku ule simu za Wapemba walioko Uingereza, Kanada na Maskati hazikulala.

Hayo ni mafanikio, na anayeyabeza ana lake jambo. Swali letu liko pengine kabisa.

WIZARA MOJA, WATOTO WANNE

Wasomaji wetu wenye kumbukumbu wanajua kwamba kuanzia 2010, kwa miaka kadhaa, Zanzibar ilikuwa na wizara moja yenye jina refu: Wizara ya Habari, Utamaduni, Utalii na Michezo. Ilikuwa kama mama mwenye watoto wanne wa tabia mbalimbali. Hadi mwishoni mwa 2020 watoto walikuwa wamekwisha kugawanywa. Utalii ukawekwa pamoja na mambo ya kale, na michezo ikaenda na habari, vijana na utamaduni.

Mgawanyo huo una mantiki yake, kwani kila sekta imekua. Lakini kuna mtoto wa tano ambaye hakuwahi kuandikwa jina mlangoni, si kabla ya mgawanyo wala baada yake. Mtoto huyo ni burudani ya mtu wa kawaida. Hatukusudii matamasha, maana hayo yana wenyewe. ZIFF ilianza 1998, Sauti za Busara ikaanza 2004, na yote mawili yana jina duniani. Tunakusudia jambo dogo zaidi: mahali pa mtoto kupigia mpira alasiri, pa mama kukaa na wanawe jioni wakapunga upepo, pa mzee kunyoosha miguu bila kugongwa na pikipiki, pa familia kuteremka pwani siku ya Sikukuu na sufuria yao ya pilau.

Nani anaripoti kuhusu hayo? Wizara ya utalii inamwangalia mgeni. Wizara ya michezo inauangalia uwanja mkubwa, timu ya taifa na kombe. Bustani ziko chini ya manispaa, na viwanja vya mitaani viko mikononi mwa wenye mamlaka ya ardhi. Kila mmoja ana kipande, na hakuna hotuba moja ya mwaka inayokusanya vipande hivyo ikasema: mwaka jana wananchi walikuwa na viwanja kadhaa vya kuchezea, mwaka huu wana kadhaa. Jambo lisilohesabiwa halina fungu. Na lisilo na fungu likipotea hakuna anayestuka.

"KIWANJA KIMETIWA SENYENGE"

Tuwape mfano wa nyumbani kwetu. Jumamosi moja alasiri tulimpigia simu mtoto wa dada yetu, kijana wa miaka kumi na minne, ambaye saa hizo siku zote huwa uwanjani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Leo hukwenda mpira?"

"Mpira wapi, mjomba? Kiwanja kimetiwa senyenge tangu baada ya Ramadhani."

"Nani kakitia?"

"Wanasema kuna mtu kapewa."

"Kapewa na nani?"

"Hatujui. Sheha naye anasema kaambiwa tu."

"Sasa mnacheza wapi?"

"Wakubwa wanachanga pesa wanakwenda kukodi vile viwanja vidogo vya nyasi za bandia. Sisi tunakaa maskani tu."

Hatutautaja mtaa, kwa sababu hatuna nyaraka mkononi na hatutaki kumsingizia mtu. Pengine aliyepewa alipewa kihalali. Lakini hilo ndilo jambo lenyewe. Kiwanja ambacho vizazi vitatu vimecheza, ambacho mjomba wake alivunjikia mkono na babu yake akafungia bao la ushindi dhidi ya mtaa wa pili, hakikuwa kimeandikwa popote kuwa ni kiwanja. Katika ramani kilikuwa ardhi tupu. Na kwa mujibu wa sheria ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma. Umma huo, asubuhi moja, uliamka ukakuta senyenge.

Msidhani ni ubaya wa mtu mmoja. Kuna sababu kubwa nyuma yake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima. Miaka kumi baadaye wakawa 1,889,773. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulitoka chini ya watu laki sita ukafika karibu laki tisa. Watu hao wanataka nyumba, maduka, skuli, misikiti, barabara. Ardhi ya mjini imekuwa dhahabu, na katika mji wa namna hiyo kitu cha kwanza kuliwa ni pale panapoonekana patupu. Kwa macho ya mwekezaji kiwanja cha mpira ni patupu. Kwa macho ya mtoto pale ndipo palipojaa kuliko pote.

WACHEZAJI HAWAOTI AMAAN

Turudi nyuma kidogo hadi mwaka 2017, mwaka ambao mpenda michezo yeyote wa Zanzibar hawezi kuusahau. Tarehe 16 Machi, mjini Addis Ababa, Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, liliikubali Zanzibar kuwa mwanachama wake kamili wa 55. Watu walilia kwa furaha. Tarehe 21 Julai mwaka huo huo, mjini Rabat, uanachama ule ukafutwa kwa hoja kwamba Zanzibar si nchi huru inayotambuliwa kimataifa. Furaha ya miezi minne ikageuka tanga.

Lakini Desemba ya mwaka ule, katika Kombe la Chalenji nchini Kenya, vijana wale wale waliokwisha kuambiwa kuwa si nchi walifika fainali. Walitoka sare ya 2-2 na wenyeji pale Machakos, wakashindwa kwa mikwaju ya penalti. Waliporudi Unguja walipokelewa kama mashujaa. Ilikuwa hatua kubwa kabisa tangu Zanzibar ilipolichukua kombe hilo mwaka 1995.

Tunauliza: vijana wale waliota wapi? Hawakuota Amaan. Amaan ni mahali pa kuvunia. Walikopandwa ni kwenye viwanja vya vumbi vya mitaani na mashamba, na kwenye mchanga wa pwani maji yakipwa, milingoti ya goli ikiwa ni jozi mbili za kandambili. Ukijenga ghala zuri la mavuno na kuacha mashamba yajengwe nyumba, utakuwa na ghala zuri tupu. Ndugu zetu wanaotupangia michezo walifikirie hilo wanapojivunia taa na viti vipya, na wanapojiandaa kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 ambalo Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuliandaa pamoja.

PWANI NI YA NANI?

Suala la pili ni pwani. Sisi tuliokulia miaka ya themanini na tisini tunakumbuka Sikukuu zilivyokuwa. Siku ya kwanza watoto tulipelekwa viwanja vya Sikukuu, Mnazi Mmoja na kwengineko, mfuko umejaa sarafu. Siku ya tatu au ya nne ukoo mzima ulipanda gari kwenda pwani ya mashariki au kaskazini. Hapakuwa na kiingilio wala mlinzi. Kulikuwa na minazi, bahari na mwenyeji wa kijijini aliyetuangulia madafu.

Mara ya mwisho tulipokwenda, kabla hatujaondoka nchini, tulisimamishwa na kijana mwenye sare na redio ya mkononi. Alikuwa mpole, na lafudhi yake ilikuwa ya Kiunguja kama yetu. "Mnakwenda wapi, wakubwa?" Tukamjibu, baharini. Akatuomba tuzungukie upande wa pili, maana hapa pana wageni wanapumzika. Hatukugombana naye. Kijana wa watu alikuwa kazini na alikuwa akiona haya kuliko sisi. Lakini mama yetu, aliyekuwa kashika sufuria, aliuliza swali ambalo mpaka leo hatujapata wa kulijibu: "Na sisi tumekuja kufanya nini, si kupumzika?"

Kwa wanavijiji jambo hili ni zito kuliko pilau ya Sikukuu. Pale Paje na Jambiani, wanawake wamelima mwani katika maji mafupi tangu mwishoni mwa miaka ya themanini. Halafu upepo ule ule wa kusi na kaskazi uliowaleta mababu wa majahazi ukaleta mchezo mpya, wa kuteleza juu ya maji huku ukivutwa na tiara kubwa. Ni mchezo mzuri kuutazama na unaleta fedha. Lakini mwenye tiara na mwenye mwani wanagombea maji yale yale, na mmoja wao ana wakala, tovuti na tangazo, na mwengine ana kamba na vigingi.

Ajabu ni kwamba tunao mfano wetu wenyewe unaoonyesha kuwa mgeni na mwenyeji wanaweza kukaa mkeka mmoja. Mfano huo ni Forodhani. Bustani ile ilifunguliwa mwaka 1936 wakati wa jubilii ya Sultan Khalifa, ikachakaa, kisha ikafanyiwa ukarabati na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009. Nenda jioni yoyote. Mtalii anakula mishikaki, mtoto wa Ng'ambo anaruka baharini kwa mbwembwe huku watu wakimpigia makofi, wazee wamekaa ukutani, wanandoa wapya wanapiga picha, muwa unakamuliwa. Hakuna aliyemfukuza mwenziwe. Na mtalii mwenyewe ukimuuliza usiku upi aliufurahia zaidi, mara nyingi atakutajia ule aliokaa na watu, hautaji ule aliokaa peke yake nyuma ya ukuta.

MTOTO WA KISIWANI ASIYEJUA KUOGELEA

La tatu tunaliandika kwa uzito. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Miili zaidi ya 200 ilipatikana na wengi zaidi hawakuonekana tena. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit ikitoka Dar es Salaam, karibu na Chumbe. Hakuna familia ya Unguja au Pemba ambayo haikuguswa, na sisi ni miongoni mwao.

Hatusemi kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote. Meli mbovu na tamaa ya nauli ndizo zilizoua. Lakini tunasema kwamba inauma kuona taifa la visiwa ambamo watoto wengi, na hasa wasichana, wanakua mita mia moja kutoka baharini bila ya kujua kuogelea. Hapa England mtaala wa taifa unataka mtoto anapomaliza skuli ya msingi awe anaweza kuogelea angalau mita 25. Watoto wetu wanapelekwa na skuli kwenye bwawa la ndani, lenye maji ya moto na harufu ya klorini. Binamu zao walioko nyumbani, wenye bahari ya kijani inayotangazwa ulimwenguni kote, wanaitazama tu.

Si kwamba haiwezekani. Huko Nungwi mradi mmoja mdogo uitwao Panje ulifundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo zinazofunika mwili mzima, kwa heshima zote za dini na mila. Picha zao zilishinda tuzo katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2018. Dunia iliziona, ikastaajabu, ikapita. Je, katika hotuba ya michezo ya mwaka gani kuogelea kwa watoto wa skuli kumepewa fungu linalolingana na umuhimu wake? Kwa mtu wa kisiwani huo si mchezo wa anasa. Ni kama kujua kuvuka barabara kwa mtu wa mjini.

WANANCHI WAMEKWISHA KUTANGULIA

Asije mtu akadhani kwamba wananchi wamekaa wanasubiri kulishwa. Amkeni alfajiri Unguja, baada ya sala ya asubuhi, mtaona vikundi vya mazoezi vikikimbia barabarani, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, fulana za rangi moja, wakiimba. Vikundi hivyo vilianza vyenyewe, kwa michango ya wanachama. Serikali ikaona, ikafanya jambo jema: tarehe 1 Januari ikawa siku ya mazoezi kitaifa, na Rais mwenyewe huungana na wananchi katika matembezi. Sijui nchi ngapi zinaufungua mwaka kwa jasho la namna ile.

Huko Pemba, Kengeja na vijiji vyengine, mchezo wa ng'ombe bado unakusanya watu kwa ngoma na shangwe bila ya tiketi. Makunduchi wanakoga mwaka kila Julai kama walivyofanya mababu zao. Wazee wanaendelea kupigana bao barazani. Watu wanajua kujiburudisha. Wanachokosa ni pahali, na ulinzi wa pahali hapo.

WENZETU WAMEFANYAJE

Tusiambiwe kuwa tunaota. Mauritius ni visiwa kama sisi, na inaishi kwa utalii kama sisi. Kwa sheria ya mwaka 2002 iliunda mamlaka maalumu ya fukwe, ambayo kazi yake ni kusimamia fukwe zilizotangazwa rasmi kuwa za umma. Hoteli zipo, na familia za wenyeji nazo zipo, zina mivinje yao na mahali pao pa kukaa Jumapili, na hakuna wa kuwauliza wanakwenda wapi.

Rwanda, iliyoanza mwaka 2018 kuandika jina lake kwenye mkono wa jezi za Arsenal, ilikuwa tangu 2016 imeanzisha Kigali siku za kufunga barabara kwa magari ili watu wakimbie, waendeshe baiskeli na kupimwa afya. Yako mengi ya kubishana kuhusu Rwanda, lakini katika hili walielewa kwamba mgeni na mwenyeji wanaweza kuandaliwa kwa mkono mmoja.

Na hapa England tulipopata hifadhi, iko sheria ya mwaka 2006 inayowaruhusu wakaazi kuomba ardhi iandikishwe kuwa uwanja wa kijiji, ikiwa wameitumia kwa michezo na mapumziko miaka 20 mfululizo bila kificho, bila kulazimisha na bila kuomba ruhusa. Ikishaandikishwa, haijengwi. Kiwanja cha mpwa wetu kilikuwa na miaka zaidi ya arubaini. Kingelikuwa na daftari la kuandikiwa, leo kingelikuwepo.

TUNACHOOMBA

Hatuombi miujiza, wala hatuombi mabilioni. Tunaomba takwimu tatu katika hotuba za mwaka ujao.

Ya kwanza: kila shehia ina viwanja vingapi vya kuchezea vilivyopimwa na kuandikishwa, na vingapi vimepotea tangu mwaka jana. Masheha wapo, wanaijua kila nyumba, kazi hiyo ni ya wiki mbili.

Ya pili: ni njia ngapi za kuteremkia pwani zilizo wazi kwa mwananchi, katika kila kijiji cha pwani, na ngapi zimefungwa. Njia hizo ziwekewe kibao kwa Kiswahili.

Ya tatu: ni watoto wangapi wa skuli za serikali, wasichana na wavulana, waliofundishwa kuogelea mwaka huu.

Zikisomwa takwimu hizo tatu pembeni ya ile ya wageni, tutajua kama msemo wetu umetimia nusu zote mbili. Zikiwa mbaya, si aibu. Aibu ni kutozijua. Na zikiwa mbaya, Waheshimiwa watakuwa na la kuuliza badala ya kupiga meza tu.

Tunajua wapo watakaosema: nyinyi mliokaa Ulaya mnapata wapi haki ya kutuhesabia viwanja? Tunawajibu kwa adabu kwamba mtu haachi kuwa wa kwao kwa sababu amelazimika kuondoka. Mwezi uliopita tulipita mbele ya duka la wakala wa safari, tukaona picha kubwa ya pwani tunayoijua kwa kila jiwe. Mchanga mweupe, ngalawa moja, maji ya rangi ya feruzi. Hapakuwa na mtu hata mmoja katika picha ile. Tulisimama pale kwenye baridi tukitafuta, angalau kwa mbali, mtoto mmoja na mpira wake. Hakuwepo.

Tunataka awepo, pwani penyewe na katika hotuba ya mwaka ujao. Naye tunamwombea ahesabiwe mpaka wa mwisho, kama wanavyohesabiwa wageni.

Waheshimiwa, kwa hayo machache, tunaomba kutoa hoja.